Kombe la Ijumaa

Siku ya kumpa jina mtoto wa jirani, Hajiya Mairo alimwomba Asabe asome Alfatiha ya kufungia shughuli. Wanawake wapatao arobaini walikuwa wameketi mikekani, kila mmoja na sahani yake ya wali na nyama, na Mairo angeweza kumwomba yeyote kati yao. Alimchagua Asabe makusudi. Rabi, binti wa pekee wa Asabe, alikuwa ameolewa na Kabiru, mwana wa Mairo, na huu ulikuwa mwaka wa tatu bila mtoto.

Asabe akaanza. Alfatiha aliijua tangu utotoni, kwa kusikia tu, kama wanavyoijua wengi, lakini macho themanini yakikutazama si mchezo. Katikati ulimi ukapotea njia. Akarudi nyuma, akapotea tena palepale.

"Basi, mama Rabi, acha," Mairo alisema kwa ule upole wake wa kuua mtu. "Unaitafuna kama kulikuli zako."

Wakacheka. Asabe alikuwa akitengeneza kulikuli, vile vijiti vya karanga iliyokamuliwa mafuta ambavyo hutafunwa kwa kishindo, na nusu ya wale waliocheka walikuwa wateja wake wa mkopo.

"Na mnaniuliza kwa nini mkwe wangu hazai," Mairo aliendelea, akijimiminia maji. "Kaka yangu Malam Audu anamwandikia kombe la kunywa kila Ijumaa. Miaka mitatu hii. Juzi ameniambia, Mairo, dawa ni nzuri, njia ndiyo mbovu. Neno la Mungu linapita mikononi mwa mama asiyejua alifu wala be, litafikaje tumboni likiwa zima? Mimi nimeshasema na mwanangu. Shaaban ukiandama, tumbo likiwa bado tupu, Kabiru anamrudisha kwao."

Asabe aliinama akaokota punje za wali zilizomwagika mbele yake, moja moja, kana kwamba ndilo alilojia. Siku hiyo alirudi nyumbani, mtaani Gwammaja, na shingo imekakamaa, hata salamu za barazani hakuitikia.

Mumewe Danlami alikuwa ameketi mlangoni akidarizi kofia. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua sindano.

"Mwachie Mungu," alisema.

"Mungu nitamwachia nikishamaliza mimi. Pale chuoni wanafungua darasa la Kiarabu la akina mama, wiki sita. Naingia."

"Wewe? Una miaka arobaini na minne, Asabe."

"Hata ningekuwa na tisini. Siku wanapokutana kumwacha mwanangu, nitasoma mbele yao mpaka yule mwanamke na kaka yake wakose pa kuweka nyuso. Nawe usiniambie subira. Subira nimeinywa mpaka imenitoka puani."

Danlami alikata uzi kwa meno, akachagua uzi mwingine. Alimjua mkewe. Akisema hivyo, kilichobaki ni kujua chakula cha jioni kitapikwa saa ngapi.

Darasa lilikuwa nyuma ya kinu cha kusagia nafaka, kila alasiri isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Mwalimu wao, Malama Zulai, alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani aliyesoma Khartoum, na siku ya kwanza kabisa aliwapa sheria moja. Ukivuka kizingiti hiki, Kihausa umekiacha nje pamoja na viatu. Atakayesema neno moja la Kihausa atafagia ua.

Wiki ile ya kwanza ua wa chuo uling'aa kama haujapata kung'aa. Watu wazima ishirini na watatu, wake za watu, waliomzidi mwalimu wao kwa umri na kwa maneno, walikaa kimya kama wagonjwa foleni ya zahanati. Mmoja akitaka kalamu anamfinya mwenzake. Bibi Lantana, mwenye miaka sitini na waume wawili aliokwisha kuwazika, alibanwa na haja ndogo siku ya pili. Akasimama, akajishika tumbo, akaonyesha mlango, akaonyesha chini. Malama Zulai akamwuliza kitu kwa Kiarabu. Lantana akamtazama kwa huruma.

"Nitafagia nikirudi," alisema kwa Kihausa, akatoka.

Halafu ikaja herufi ile ya kooni. "Itoeni huku," mwalimu aliwaonyesha, akijigusa koo, "siyo puani." Wanawake ishirini na watatu wakaitoa pamoja. Msagaji alizima kinu akaja mbio kuuliza nani amekabwa na mfupa.

Asabe hakucheka sana. Kila herufi aliipa sura ya mtu. Ile yenye tumbo ilikuwa Mairo, ile ndefu iliyosimama bila kufanya kazi ilikuwa Malam Audu. Vidole vyake, vilivyokakamaa kwa miaka ya kukanda makapi ya karanga, vilivunja kalamu tatu kabla wiki haijaisha. Basi akaanza kufanya mazoezi kwa kitu anachokijua. Asubuhi alipokuwa akiviringisha kulikuli, alikunja vijiti vikawa herufi, akazikaanga. Kuna majirani waliogopa kununua, wakisema si vizuri kutafuna maandishi kama yale. Danlami alizila kwa uji.

"Leo nimemaliza alifu nne na nusu ya jimu," alisema. "Huenda mimi ndiye nitakuwa mwanazuoni."

Ijumaa zilikuwa na kazi yake. Asabe na Rabi walikwenda kwa Malam Audu baada ya sala, wakavua viatu, wakaweka elfu moja chini ya mkeka. Malam aliwageuzia mgongo, akaandika kwenye ubao kwa wino wa masizi na utomvu, akausimamisha ukutani ukauke kidogo, halafu akauosha kwa maji ndani ya kibuyu. Aliwaandikia wanawake tu. Wanaume alisema wana makombe yao kwengine. Elimu yake aliipata Jidda, alikokaa miaka saba akifanya kazi ya nguo, na tangu arudi hakuna aliyemwita Audu bila Malam.

Rabi alipokea maji yale meusi akayanywa, na Asabe akakipindua kibuyu kuhakikisha. Hiyo ilikuwa desturi yao. Akiona tone, alimrudishia.

Wiki ya nne Malama Zulai aliingia darasani na mfuko mkubwa, akaumwaga sakafuni. Yalikuwa maboksi matupu ya vitu ambavyo mahujaji huja navyo, ya maziwa, ya tende, ya majani ya chai. Kitabu kimewachosha, alisema, leo watasoma vitu vya nyumbani.

Lantana alishtuka kuona maboksi yale chini. Alianza kuyaokota na kuyapangusa kwa mtandio. Kwake yeye boksi la maandishi kama hayo hukaa juu ya kabati, na hakuna mtu wa kulikanyaga.

"Bibi, ni maneno ya mwenye kiwanda," Malama Zulai alimwambia, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe alisema kwa Kihausa ili aeleweke. "Anakwambia bei na uzito."

Asabe alipewa boksi la sabuni ya unga. Aligeuza upande wa nyuma, na mkono ukamsimama. Mistari mitatu ile aliijua. Si kwamba aliisoma. Aliijua kama mke anavyoujua mgongo wa mumewe katikati ya soko. Neno la kwanza na nukta zake mbili juu, la pili lenye mkia mrefu unaopita chini ya jirani yake, na lile la mwisho kabisa lililojikunja. Kila Ijumaa aliliangalia likikauka ukutani. Akalipeleka boksi kwenye paji la uso, kwa heshima.

"Malama," alisema, "hii ndiyo dua ya mwanangu."

"Soma," mwalimu alisema.

Akasoma. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akitua kwenye kila herufi kabla ya kuihama, na kila neno alipolifikisha mwisho Malama Zulai alimwambia maana yake. Nguo. Loweka. Maji ya uvuguvugu. Usichanganye na dawa ya kung'arishia. Weka mbali na watoto.

Darasa liliangua kicheko. Lantana alicheka mpaka akalala ubavu, halafu akamwona Asabe usoni na kicheko kikamkatikia hapohapo.

"Nani amekwambia ni dua, dada?" aliuliza polepole.

Asabe alilishusha boksi mapajani. Akajibu kwa Kiarabu, sentensi nzima, iliyonyooka, ya kwanza kumtoka bila kuulizwa na mwalimu: "Mimi nimekosea."

Jioni hiyo alifagia ua, kwa kuwa alikuwa amesema Kihausa, na hakuna aliyemzuia. Alifagia kwa nguvu mpaka vumbi likawatimua kuku. Alikuwa akikumbuka Ijumaa moja ya baridi, mwaka wa pili, Rabi alipokataa. Mtoto wa watu alikuwa na homa, akasema kombe linamchefua. Asabe alimzaba kofi, akamshika pua, akammiminia, na yaliyomwagika kidevuni akayakusanya kwa kidole akamlambisha. Alimwambia neno la Mungu halitemwi. Hasira iliyompanda sasa haikuwa ya kulia. Ilikuwa kavu, na ilijua inakokwenda.

Danlami alilitazama boksi upande huu na upande huu.

"Jidda alikuwa na kazi ya nguo," alisema. "Mimi miaka yote nilidhani anauza."

"Alikuwa anafua."

"Nenda kwa Liman basi. Liman Inuwa wa msikitini ni mtu wa haki. Mwambie kimya kimya, amwite, amkanye."

"Kimya kimya?" Asabe aliuliza. "Mimi nilichekwa kimya kimya? Shaaban unaandama baada ya wiki mbili. Watakutana pale kwa Mairo, Liman atakuwepo na wanawake walewale watakuwepo. Nitamwumbua papo hapo."

"Na Rabi? Umwambie basi asinywe."

"Rabi hawezi kuficha kitu, uso wake ni kioo. Akiacha kunywa Audu atajua, ataanza kuandika kingine. Ni maji na masizi tu. Hayajamwua miaka mitatu."

Danlami alirudi kwenye kofia yake, lakini sindano ilikuwa haiendi.

Ijumaa mbili zilizofuata Asabe alimpeleka binti yake, akaweka elfu moja chini ya mkeka, akakipindua kibuyu.

Ijumaa ya mkutano alikwenda asubuhi, peke yake. Malam Audu aliandika, akausimamisha ubao, akanyoosha mkono achukue maji.

"Usiuoshe, Malam," Asabe alisema. "Hajiya anasema pengine Rabi huwa hanywi. Nataka leo nioshe mbele yake aone mwenyewe."

"Ubao hautoki hapa."

"Basi." Akainama akauangalia, akaweka kidole chini kabisa, mwisho wa mstari wa tatu. "Malam, si hapa ndipo pameandikwa Bismillahi?"

Malam Audu alimtazama kidole, akamtazama uso, halafu akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Wiki sita hizo, mama Rabi? Wiki sita za bure? Bismillahi mwishoni? Chukua, mwanafunzi. Chukua ukamwonyeshe Mairo, na umwambie nimekusamehe."

Asabe aliufunga ubao kwa kitambaa safi. Njia nzima alitembea akiwa ameukumbatia kama mtoto mchanga, na alikuwa na furaha mbaya ambayo hakuitaka iishe.

Ua wa Mairo ulijaa. Asabe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaalika wale waliokuwepo siku ya jina, na wanafunzi wenzake wote, akiwaambia waje wamsaidie kulia. Wanaume walikaa upande wa zaure, ukumbi wa mlangoni, Liman Inuwa katikati na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, Kabiru pembeni akichezea funguo za pikipiki. Rabi alikaa peke yake karibu na mtungi, amejifunika.

Mairo alisema aliyotaka kusema. Alisema amevumilia, alisema hana ubaya na mtu. Malam Audu akatikisa kichwa na kusikitika. Dawa ametoa, lakini kuna nyumba ambazo dawa haikai.

"Ni kweli, Malam," Asabe alisema, akasimama. "Kosa ni langu, mimi nisiyejua alifu. Ila kabla hamjavunja ndoa ya watu, naomba mwanangu anywe kombe la mwisho hapa, mkiwa mashahidi." Akaufungua ubao.

Malam Audu aliinuka nusu. "Hiyo huoshwa faraghani."

"Tuko faraghani, ni ndugu watupu hapa." Alikuwa ameshaupeleka kwa Liman, akapiga magoti mbele yake. "Liman, mimi mwanafunzi. Nitasoma, na nikikosea nisahihishe."

Akasoma. Safari hii hakuvuka kwa mawe. Alisoma mistari mitatu kwa sauti ya kufika uani, herufi ya kooni ikatoka kooni, na kidole cha Liman kilimfuata ubaoni neno kwa neno mpaka kikasimama chenyewe. Asabe akatoa boksi la sabuni chini ya mtandio, akaliweka kando ya ubao. Liman akasoma boksi, akasoma ubao, akarudi kwenye boksi. Akavua miwani.

"Hajakosea," alisema. "Hata herufi moja. Yanasema nguo zilowekwe kwa maji ya uvuguvugu."

Hakuna aliyeelewa kwanza. Kisha Lantana, kule nyuma, akawafafanulia maana ya mstari wa mwisho, na sauti ikapanda ua mzima.

"Elimu ina siri zake," Malam Audu alianza. "Kuna maneno ambayo kwa nje yanaonekana..."

"Vizuri sana," Asabe alisema. Alikuwa ameshachota maji, ameshauosha ubao, na kibuyu kilikuwa mikononi mwake, kimejaa weusi. "Mimi sijui siri. Kama ni neno la Mungu, Malam, kunywa upate baraka zake. Kama si neno la Mungu, waambie hawa umekuwa ukimnywesha nini mwanangu."

Malam Audu alimtazama Liman. Liman alikuwa akipangusa miwani na hakuwa na haraka. Malam akamtazama dada yake, na Mairo akatazama miguu yake mwenyewe. Audu akakipokea kibuyu.

Alikunywa. Wanawake arobaini walimtazama koromeo likipanda na kushuka. Masizi yalimchuruzika kwenye ndevu nyeupe mpaka kwenye kanzu, kanzu safi ya mtu anayejua kufua, na alipofika nusu akapaliwa, akakohoa.

"Mama Rabi, inatosha," Mairo alisema kwa sauti ndogo.

"Mbona anaitafuna vizuri," Asabe alimjibu. "Kuliko mimi."

Wakacheka, vicheko vilevile vya siku ile, na sasa vilikuwa vyake. Asabe alisimama katikati ya ua akavisikiliza. Hakuwahi kuonja kitu kitamu kama kile. Angetamani Ijumaa zote zile zirudi, amnyweshe moja baada ya nyingine.

"Inna."

Rabi alikuwa amesimama. Alikuwa amejifunua uso.

"Umelijua hili lini, Inna?"

"Chuoni, mwanangu. Nimesoma mwenyewe, kwa macho yangu."

"Sikuulizi wapi. Lini?"

Vicheko vilikuwa vinapungua. Danlami kule upande wa wanaume akainamisha kichwa. Lantana akajibu bila kujua analojibu, akidhani anamsaidia mwenzake: "Wiki ya nne, binti. Tulikuwa naye wote."

Rabi alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtoto. "Basi nimekunywa mbili unajua."

"Ningekwambia, Malam angeshtuka. Nilitaka tumpate, Rabi. Kwa ajili yako."

Rabi alikwenda kwa Malam Audu akakichukua kibuyu mikononi mwake. Kilikuwa bado na nusu. Alikileta mpaka mbele ya mama yake akakinyoosha kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyofundishwa.

"Na wewe, Inna."

"Rabi, watu wanatazama."

"Nikushike pua?"

Asabe akakipokea. Miaka mitatu yote hakuwahi kukionja. Kilikuwa kichungu cha masizi, na chini yake utomvu unaonata kooni na ladha ya mti mkongwe, na alilazimika kusimama mara mbili kumeza. Hata Mairo hakucheka. Alipomaliza alipangusa mdomo kwa mtandio, akarudisha kibuyu.

Rabi alikipindua juu ya kiganja chake, akangoja. Tone moja jeusi likajikusanya kwenye ukingo, likaanguka. Akalitazama, halafu akamnyooshea mama yake kiganja.

"Limebaki," alisema.